Bukuru Hana Cheti, Butoyi Anacho

Kuna mchezo unaitwa bandi. Najua fundi cherehani akisikia neno hilo atafikiria ule mshono wa kushikizia kitambaa kabla hakijapita kwenye mashine, lakini huu ni mchezo wa watu wa nchi za baridi. Wachezaji 11 kila upande, uwanja wa barafu unaokaribia ukubwa wa uwanja wa soka, dakika 45 mara mbili, fimbo zilizopinda mbele na mpira mdogo wa kuenea kiganjani. Kipa hashiki fimbo. Wote wamevaa viatu vyenye chuma chini, na wanateleza kwa kasi ambayo ukiitazama kwenye simu unadhani mtu ameharakisha video. Wenye mchezo wao ni Waswidi, Warusi, Wafini na Wanorwei. Wanawake walianza mashindano yao ya dunia mwaka 2004, mji wa Lappeenranta kule Ufini, na Uswidi wamekuwa wakilibeba kombe kama mali ya ukoo. Mwaka 2014 ndipo Urusi waliwapokonya.

Utauliza mtoto wa Kibondo kafikaje huko. Kwa njia ya Aisha Masaka. Mwaka 2022 alipotoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Göteborg, mimi nilikuwa kidato cha tano, na kwa kuwa umri wetu unalingana nilijipa kazi ya kumfuatilia kama ndugu. Baadaye akaenda Brighton ya Uingereza, 2024, lakini mimi Uswidi ilikuwa imeshanikaa. Usiku mmoja hosteli, bando la usiku likiwa bado nono, nikawa natafuta wasichana wa Uswidi wanacheza nini wakati wa baridi viwanja vya soka vikiwa vimefunikwa na theluji. Jibu likawa bandi. Nikaanza kusoma vikosi vyao vya taifa, jina kwa jina, kama wengine wanavyosoma orodha ya mkopo ikitoka. Ni ugonjwa wangu huo, kusoma vikosi. Kikosi kinakwambia mengi: nani kipa wa tatu, nani anatoka klabu ambayo hujawahi kuisikia, nani amerudi baada ya kujifungua.

Katikati ya kusoma nikakuta Somalia.

Somalia, wenzangu. Kwenye barafu. Ilikuwa timu ya wanaume, na hadithi yake ni ya kweli. Mji wa Borlänge, katikati ya Uswidi, una Wasomali wengi waliofika kama wakimbizi. Mwaka 2013 Mswidi mmoja wa mji huo, Patrik Andersson, akaanzisha wazo la kuwafanya vijana wa Kisomali kuwa timu ya taifa ya bandi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa vile viatu vya chuma. Kocha akawa Pelle Fosshaug, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Uswidi. Somalia ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na mwanzoni mwa 2014 vijana wale wakasafiri hadi Irkutsk, Siberia, kucheza kundi la pili la mashindano ya dunia. Walifungwa kila mechi, na walifungwa mabao ya kikapu. Kuna filamu ilitengenezwa juu yao, ikatoka 2015. Mwaka uliofuata Irkutsk walirudi tena kwenye mashindano, na uliofuata tena.

Watu wanaicheka ile hadithi, na hata mimi nilicheka, maana kuna kipande mtu anajishikilia kwenye ubao wa pembeni kama mtoto anayejifunza kusimama. Lakini kilichonikaa kichwani kilikuwa kile kikosi. Mtu kakimbia nchi yake. Nchi anayoishi bado inamhesabu mgeni. Halafu katikati ya hayo mawili anapewa jezi ya bluu yenye nyota, anaimba wimbo wa taifa la kwao kwenye uwanja wa Warusi, na hakuna mtu anayemuuliza babu yake kazikwa wapi. Somalia haina barafu, ila Wasomali wapo, na hilo lilitosha kuunda kikosi.

Nina dukuduku moja na kisa hicho. Kwenye mashindano ya dunia ya wanawake Somalia haikupeleka kikosi. Wale vijana walipata kocha mstaafu wa taifa na watengeneza filamu. Dada zao, waliokimbia vita ileile na kufika mji uleule, hawakupata safari ya Siberia. Sisemi walionewa kwa makusudi. Nasema tu kwamba mahali ambapo timu inaundwa kutoka sifuri, bila historia wala ligi, bado wa kwanza kukumbukwa ni wavulana.

Hilo la babu kuzikwa wapi sikulitunga. Sisi Waha wa Kibondo, Kasulu, Buhigwe na Kakonko tunalijua. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa Muyinga na mtu wa Kibondo wakikutana mnadani hawahitaji mkalimani. Majina yetu ni yaleyale. Tumekaa na wakimbizi tangu kabla sijazaliwa: Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na machafuko ya Burundi ya 2015 yakaijaza tena, hadi Nduta ikafunguliwa upya upande wetu wa Kibondo. Nimekua nikiona malori ya mahindi yakielekea kambini kabla sijajua neno mkimbizi maana yake nini. Kwa hiyo ukiwa Muha na ukaenda kuomba karatasi yoyote, jiandae kwa maswali. Nilipokuwa nakusanya nyaraka za kuombea mkopo, kwenye meza moja niliulizwa jina la bibi mzaa babu, kijiji alichozaliwa, na mwisho nikaambiwa nisalimie kwa Kiha. Nikasema, "Mwakeye." Yule bwana akatabasamu, akamwambia mwenzake, "Na Warundi wanasema hivihivi." Sikujua nicheke au niondoke. Nikabaki nimesimama, maana nilikuwa nahitaji muhuri.

Mtu wa Dodoma au Tanga akiisoma hii anaweza kudhani ninalalamika bure. Serikali nayo ina sababu zake: mpaka ni mrefu, na watu wamevuka kweli. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokimbia mwaka 1972, jambo ambalo nchi nyingi zinazojiita tajiri hazijathubutu. Najivunia hilo. Ila kuna watu ambao hawakuvuka mpaka wowote, na maswali yanawakuta nyumbani kwao.

Sasa nije Kasulu.

Mwaka huu nilipangiwa shule moja ya sekondari wilayani Kasulu kwa mafunzo ya kufundisha kwa vitendo. Nilikuwa nafundisha Historia na Kiswahili, na kama kawaida ya mwalimu wa mafunzo, nikabebeshwa na michezo ya wasichana, kwa sababu walimu wa kudumu wamechoka na mwanafunzi wa chuo hana pa kukatalia. Uwanja uko kando ya shamba la mahindi, magoli ni miti ya mikaratusi, na asubuhi za Kasulu mwezi wa sita baridi inakung'ata vidole hadi filimbi hutaki kuigusa. Jozi za njumu zilikuwa nne kwa timu nzima. Anayeingia anavaa za anayetoka, ndiyo maana mabadiliko yetu yalichukua muda kuliko ya mtu yeyote duniani.

Beki wangu wa kati nitamwita Bukuru. Kwetu jina hilo ni la pacha wa kwanza kuzaliwa, wa pili ni Butoyi, awe wa kike au wa kiume. Warundi nao ni hivyohivyo. Huyu Bukuru wangu ni msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya darasani, lakini uwanjani anaongea kama mama mwenye duka. "Madam, yule namba saba anakuja na mguu wa kushoto tu, mwambie winga asimfuate." Nilimwambia winga. Alikuwa sahihi. Sijasomea ukocha, ila nimesoma vikosi vingi vya kutosha kujua mtu anayeusoma mchezo akiwa ndani yake. Wachezaji wa namna hiyo huwa hawazidi wawili kwenye timu, na timu nyingi hazina hata mmoja.

Wakati wa UMISSETA akachaguliwa kombaini ya wilaya. Hapo hakuna aliyebisha, hata kocha wa shule pinzani alimpigia kura. Hatua iliyofuata ilihitaji fomu, picha na cheti cha kuzaliwa. Bukuru hakuwa na cheti. Alikuwa na kadi ya kliniki iliyoliwa na panya pembeni, barua ya mtendaji wa kijiji, na bibi yake.

Bibi alikuja naye. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, akasalimia watu wote mezani mmoja mmoja. Mmoja wa waliokaa pale akasoma jina, akalirudia, akauliza, "Bukuru. Nyie mlitoka kambi gani?" Bibi akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Heru." Akaulizwa kama ana karatasi ya kuonyesha hilo. Mwanamke wa zaidi ya miaka 70, anaulizwa karatasi ya kuzaliwa kwake mwenyewe, kabla hata ya uhuru! Nilijaribu kuingilia kwa heshima, nikaanza na shikamoo. Nikaambiwa mwalimu wa mafunzo hana saini, na kweli sina.

Kuna kitu bibi alikisema njiani tukirudi ambacho hadi leo nakigeuzageuza. Butoyi, pacha wa Bukuru, anacho cheti. Amekuwa nacho miaka miwili. Alipoitwa kwenye majaribio ya kituo kimoja cha soka la vijana, baba yao aliuza maharage, akalipia mchakato wote, akafuatilia mwenyewe hadi kikatoka. Cha Bukuru kingefuata msimu ujao. Msimu ujao maharage yalishuka bei. Kisha ikawa ada, kisha bati, na cheti cha Bukuru kikabaki kuwa jambo la baadaye, kwani msichana anakipeleka wapi?

Nikasimama palepale barabarani. Kumbe karatasi ya kumthibitisha Bukuru ilikuwepo nyumbani siku zote, kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, yenye jina la mama yuleyule, baba yuleyule, tarehe ileile. Kama wa pili kazaliwa Kasulu, wa kwanza kazaliwa wapi, Bujumbura? Kesho yake nikaipeleka bahasha. Mzee mwingine, mpole kidogo, akaiangalia, akacheka, akasema hoja yangu ina mantiki lakini cheti cha mtu mwingine si cha huyu. Kisheria yuko sawa. Orodha ya mkoa ilikuwa inafungwa siku hiyohiyo. Gari la kombaini likaondoka na beki mwingine, msichana mzuri tu, mwenye mbio, anayemfuata namba saba popote aendako.

Bukuru hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama zile njumu alizokuwa amepewa kwa ajili ya safari azirudishe leo au Jumatatu.

Baada ya hapo nilitazama kikosi cha Twiga Stars kwa macho tofauti. Mwezi wa saba walikuwa Morocco kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, lile la 2024 lililochezwa 2025. Mechi zao niliziangalia kibanda umiza, tukiwa wanawake wawili, mimi na mama anayeuza kahawa mlangoni. Ya kwanza tukafungwa na Mali 1-0. Ya pili na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, Opa Clement akatangulia kufunga, na kile kibanda kikapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama Simba wanacheza. Mechi ikaisha 1-1. Waliobaki mule ndani walilalamikia sare; sikuona sababu. Mwaka 2010, mara ya kwanza Twiga Stars kufika mashindano hayo, walipoteza mechi zote tatu. Kwa hiyo ile sare ndiyo pointi ya kwanza Tanzania kuipata pale tangu dunia iumbwe, na ilichukua miaka 15. Halafu Ghana wakatufunga 4-1, tukarudi nyumbani.

Kocha alikuwa Bakari Shime, yuleyule aliyewapeleka Serengeti Girls India mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wale walifungwa na Japan 4-0 mechi ya kwanza, kila mtu akasema aibu, kisha wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Wasichana wa umri wa wanafunzi wangu. Ukifuatilia njia walizopita wachezaji wetu wengi wakubwa utaona vituo vilevile: Alliance ya Mwanza, Fountain Gate ya Dodoma, JKT Queens, Simba Queens, Yanga Princess. Ukishafika pale, dunia inafunguka. Julietha Singano alitoka Simba Queens akaenda FC Juárez ya Mexico, Clara Luvanga yuko Al Nassr ya Saudi Arabia. Lakini kutoka nyanda zetu za juu hadi kituo kilicho karibu zaidi ni Mwanza, na msichana hafiki Mwanza kabla ya kupita kwenye meza ya aina ile. Mkoa wetu uliwahi kuwa na Kigoma Sisters kwenye Ligi Kuu ya wanawake. Siku hizi ukitaja Kigoma na Ligi Kuu, watu wanakutajia Mashujaa, wanaume, Uwanja wa Lake Tanganyika. Nawapenda Mashujaa, sina ugomvi nao.

Tunapolaumu kikosi, na chuoni hapa tunalaumu sana, tunabishana nani alistahili kuanza, nani aliachwa benchi, kocha ana upendeleo gani. Mjadala huo ni mtamu lakini unaanzia mbali mno. Kwa mtoto wa Kasulu, kocha wa taifa ni mtu wa tano au wa sita kumchuja. Kabla yake amepita baba mwenye gunia moja la maharage na watoto wawili, mtu wa mezani asiyelipenda jina, tarehe ya kufunga orodha. Shime hawezi kumwacha mchezaji ambaye hakuwahi kumwona.

Na kuna wale ambao swali la kambi gani lina jibu la kweli. Nduta kuna wasichana wanacheza mpira, niliwaona tangu nikiwa mdogo, baadhi yao wazuri kuliko sisi. Burundi walikimbia. Tanzania si yao. Kamati ya Olimpiki iliwafikiria watu kama hao ilipounda Timu ya Wakimbizi kwa ajili ya Rio 2016: wanamichezo 10, watano wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, chini ya Tegla Loroupe. Rose Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Wawili walikuwa wacheza judo kutoka Kongo waliokuwa wakiishi Brazil. Kwenye soka imechukua muda zaidi, ila mwaka 2025 FIFA iliunda timu ya wanawake wa Afghanistan walioko uhamishoni, nayo ilicheza mechi zake Morocco, ikawafunga Libya 7-0. Wanaume wanaotawala kwao hawataki wacheze, na bado kikosi kipo, kina namba mgongoni. Nilipoisoma habari ile niliwakumbuka wale wa Borlänge. Hivyo inawezekana kuunda kikosi kwa kuwatazama watu waliopo uwanjani kwanza, na karatasi zikafuata.

Kwa Bukuru lakini hatukuhitaji jambo la ajabu kiasi hicho. Yeye ana nchi. Kabla sijarudi chuoni tulianza upya: kiapo cha bibi, barua mpya ya mtendaji, nakala ya cheti cha Butoyi iliyogongwa muhuri, na kadi ya kliniki niliyoibandika kwenye karatasi ngumu isije ikaliwa zaidi. Mwalimu wa taaluma, mama mmoja mkali ambaye wanafunzi wanamkimbia, alitoa nauli kutoka mfukoni mwake bila kuambiwa. Baba alikuja na boksi la migebuka kunishukuru kabla hata ya matokeo, nikaona aibu kulipokea, nikalipokea.

Cheti kimetoka wiki tatu zilizopita. Mwalimu wa taaluma alinitumia picha kwa simu. Tarehe iko sawa, jina la mama liko sawa. Jina lake limeandikwa Bukulu. Nimempigia bibi kumwambia kuna herufi moja ya kurekebisha, akanyamaza kidogo, akauliza kama na viatu vya kanisani atavihitaji tena.